Ataruhusiwa Lini? Kinachopanga Siku za Mgonjwa wa Upasuaji Wodini

Mgonjwa akishatolewa chumba cha upasuaji, ndugu waliokuwa wakisubiri nje huwa na maswali mawili. La kwanza ni kama ametoka salama. La pili, ambalo huja hata kabla hajazinduka vizuri, ni hili: ataruhusiwa lini? Daktari hujibu "tutaangalia anavyoendelea," na wengi huichukua kauli hiyo kuwa ya kukwepa. Si ya kukwepa. Kwa upasuaji uleule, uliofanywa na mkono uleule, siku ileile, mmoja anaweza kwenda nyumbani kesho yake asubuhi na mwingine akamaliza wiki mbili. Nimeona familia zikijilaumu, au zikiwalaumu wauguzi, kwa jambo ambalo lina sababu zake, na sababu hizo zinaelezeka.

Tuondoe kwanza dhana moja. Watu wengi huamini kwamba mgonjwa anabaki wodini akisubiri kidonda kipone. Lakini kingo za ngozi hushikana ndani ya saa 48 hivi, nyuzi hutolewa baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili kutegemea sehemu ya mwili, na tabaka la ndani linaloshikilia ukuta wa tumbo huendelea kujijenga kwa wiki na miezi. Kama tungesubiri kidonda kipone kweli, wodi zisingekuwa na nafasi hata ya kuweka mkeka. Kinachosubiriwa ni kingine: mgonjwa ale na kunywa bila kutapika, maumivu yake yatulizwe na vidonge badala ya sindano, aende chooni kwa miguu yake, akojoe bila mpira, asiwe na homa, na mshono uwe mkavu. Akitimiza hayo, kidonda kitamalizia kupona nyumbani.

Kwa hiyo siku za kulazwa ni mafungu mawili. Kuna siku za mwili, yaani muda ambao mwili unahitaji kurudia kazi zake. Na kuna siku za kusubiri, pale mwili ulipo tayari lakini kuna kitu kingine ambacho hakijawa tayari. Kwenye faili yote huandikwa kama siku tu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Katika siku za mwili, kinachotangulia ni aina ya upasuaji. Mtoto wa jicho hutolewa asubuhi na jioni mgonjwa yuko kwake. Zamani mgonjwa huyohuyo alilazwa chali siku nyingi, kichwa kikiwa kimewekewa mifuko ya mchanga pande zote mbili ili asikitikise. Upasuaji wa ngiri ya kawaida nao mara nyingi ni wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini ukifungua tumbo na kugusa utumbo, hesabu inabadilika.

Utumbo ukishikwashikwa, hugoma. Mwendo wake wa kusukuma chakula husimama, tumbo hujaa gesi, na chochote atakachokunywa mgonjwa kinaweza kurudi kwa matapishi. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Mfuko wa chakula huchukua siku moja hadi mbili. Utumbo mpana ndio wa mwisho, siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana muuguzi akipita asubuhi huuliza swali linalowatia wengi haya: "Umetoa hewa?" Mgonjwa mtu mzima, mkwewe amekaa pembeni ya kitanda, huangalia ukuta na kujibu kwa kutikisa kichwa. Asione haya. Hewa hiyo ni habari njema kuliko vipimo vingi vya maabara, kwa sababu inasema njia imefunguka mpaka mwisho, na mara nyingi ndiyo inayofungua mlango wa chakula cha kawaida na, baada yake, wa ruhusa.

Kuna mambo yanayouchelewesha utumbo kuamka, na mengi yako mikononi mwetu. Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini huulaza zaidi. Maji ya dripu yenye chumvi yakizidi, kuta za utumbo huvimba kama miguu inavyovimba. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakusaidii. Hapa pana mtego ambao timu yoyote ya upasuaji inaujua: mgonjwa mwenye maumivu hawezi kuinuka wala kuvuta pumzi ndefu, lakini ukimzamisha kwenye morfini, maumivu yanakwisha na utumbo unalala naye. Njia ya kutoka ni kuchanganya dawa kadhaa zenye kazi tofauti, kwa mfano parasetamoli, dawa za kupunguza uvimbe na ganzi ya eneo, ili morfini itumike kidogo iwezekanavyo.

Ukubwa wa mkato una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1985 daktari Mjerumani, Erich Mühe, alitoa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo badala ya kupasua tumbo. Wenzake hawakumpokea vizuri. Miaka miwili baadaye Philippe Mouret alifanya kazi kama hiyo mjini Lyon, Ufaransa, na baada ya hapo njia hiyo ikaenea kwa kasi. Upasuaji uliokuwa ukimlaza mtu takriban wiki nzima ukawa wa siku moja, au wa kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kilichotolewa tumboni hakikubadilika. Mfuko wa nyongo ni uleule. Tofauti ni kwamba misuli ya tumbo haikukatwa kwa urefu, hivyo mgonjwa anaweza kukohoa, kuvuta pumzi mpaka chini ya mapafu na kuinuka bila kushikilia tumbo kwa mikono miwili.

Halafu kuna kile ambacho mgonjwa anaingia nacho. Umri hutajwa sana, lakini miaka yenyewe si tatizo kubwa kama yale yanayoandamana nayo: moyo uliochoka, figo zisizochuja vizuri, misuli iliyopungua. Madaktari wa dawa za usingizi wamekuwa na ngazi za kupima hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji tangu 1941, na mzee wa miaka 78 anayepanda ngazi za nyumba yake bila kuhema anaweza kumtangulia kutoka mtu wa miaka 50 mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu kwa udhaifu na kidonda huchelewa kuunga. Upungufu wa damu humwacha mgonjwa bila akiba. Akipoteza damu kidogo tu, anahitaji kuongezewa, kisha kuangaliwa siku nyingine. Aliyedhoofika kwa kukosa lishe hana malighafi ya kujenga kidonda. Mvutaji sigara huingia na mapafu yenye makohozi mengi na mishipa midogo iliyojikaza, na akiacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, hatari hizo hupungua.

Kwa upasuaji wa kupangwa, mambo haya yana nafasi ya kurekebishwa. Kwa wa dharura hayana. Mtu anayefikishwa usiku kidole tumbo kimeshapasuka na usaha umetapakaa tumboni hatakaa sawa na yule aliyewahi siku moja kabla, hata kama kwenye daftari wote wawili wameandikwa "kidole tumbo". Anahitaji dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa kwa siku kadhaa, pengine mrija wa kutolea majimaji, na utumbo wake utachelewa zaidi kuamka kwa sababu umeogelea kwenye uchafu. Aliyechelewa nyumbani siku mbili akijitibu maumivu anaweza kulipa kwa siku saba wodini.

Ndani ya chumba cha upasuaji nako kuna siku zinazopatikana au kupotea, na nyingine kwa mambo yanayoonekana madogo. Mfano ninaoupenda ni wa joto. Mtu aliyelala kwa dawa hupoteza uwezo wa kujitia joto. Chumba ni baridi, tumbo liko wazi, dripu inayoingia haijapashwa. Mwaka 1996 watafiti wa Austria na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 200 waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Kundi moja liliachwa na joto lishuke kama ilivyokuwa kawaida, mpaka takriban nyuzi 34.7. Kundi jingine lilipashwa na kubaki karibu na nyuzi 36.6. Waliopoa walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 19, waliopashwa asilimia 6. Na waliopoa walikaa hospitali siku 2.6 zaidi kwa wastani. Nyuzi mbili za joto, karibu siku tatu za kitanda! Sababu ni kwamba mwili ukipoa, mishipa ya ngozi hujikaza, damu na oksijeni hupungua kwenye kidonda, na vijidudu hupata nafasi.

Dawa ya kuzuia maambukizi ni hadithi ya namna hiyo. Ikitolewa ndani ya saa moja hivi kabla ya ngozi kukatwa, inakuwa imeshaenea kwenye nyama kisu kinapopita. Ikitolewa baada ya kufunga mshono, imechelewa. Mambo kama haya ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani kuandaa orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya mkato, na kabla mgonjwa hajatoka. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, ikiwemo London, Toronto, Manila na Ifakara, matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha matatizo makubwa baada ya upasuaji yakishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Anayekwepa tatizo moja kubwa hukwepa pamoja nalo siku zake zote: maambukizi ya mshono peke yake, kwa makadirio yaliyonukuliwa sana Marekani, huongeza siku 7 hadi 11.

Sasa tuje kitandani, maana hapa ndipo fikra zimebadilika sana na ndipo familia zina nguvu kubwa. Kwa vizazi vingi mgonjwa aliyepasuliwa aliamriwa alale wiki mbili au zaidi, kwa hofu kwamba akiinuka mshono utafumuka. Emil Ries, daktari wa Chicago, aliandika mwaka 1899 kwamba wagonjwa wake walioinuliwa mapema walipona vizuri. Hakusikilizwa sana. Ilichukua miaka ya 1940, vita ilipojaza vitanda na wauguzi wakawa wachache, kwa madaktari kukubali kwa wingi kile ambacho Daniel Leithauser wa Detroit alikuwa akikisisitiza, kwamba kuinuka mapema ni salama. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher alieleza kiungo kwa kiungo jinsi kitanda kinavyomdhuru mgonjwa: mapafu hujaa, damu huganda miguuni, misuli hunyauka, ngozi hupata vidonda, akili hulegea.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet. Yeye hakutafuta dawa mpya. Alikusanya kila desturi inayomzunguka mgonjwa wa upasuaji na kuiuliza ina faida gani. Kwa nini anashindishwa na njaa tangu jana? Desturi hiyo ilitiwa nguvu na kazi ya Curtis Mendelson ya mwaka 1946, aliyeeleza hatari ya matapishi kuingia mapafuni kwa akina mama waliopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Hofu hiyo ni ya kweli, ila maji safi huondoka kwenye mfuko wa chakula haraka. Miongozo ya sasa inaruhusu kwa wagonjwa wengi maji mpaka zibaki saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, na chakula chepesi mpaka zibaki saa sita. Kwa nini ana mrija puani? Kwa nini ana mpira wa mkojo siku ya tatu? Kwa nini bado yuko kwenye dripu wakati anaweza kunywa? Kila mrija ni kamba inayomfunga kitandani. Mwaka 1997 Kehlet aliandika mpango mzima, na mwaka 1999 yeye na mwenzake walionyesha kundi dogo la wagonjwa waliokatwa sehemu ya utumbo mpana kwa tumbo wazi, ambapo mgonjwa wa katikati, ukiwapanga kwa siku walizokaa, alitoka baada ya siku 2. Wakati huo upasuaji wa namna hiyo ulizoeleka kuwa wa wiki moja na zaidi. Hakuna jambo moja lililofanya muujiza. Vijisababu vingi, kila kimoja cha nusu siku, viliondolewa kwa pamoja.

Hata kinachoonekana dirishani kimepimwa. Roger Ulrich aliwalinganisha wagonjwa 46 wa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, wakiwa wawiliwawili wanaofanana. Waliolala wakiona miti walikaa siku 7.96, waliotazama ukuta wa matofali siku 8.70, na walioona miti walihitaji dawa chache kali za maumivu. Matokeo hayo ya 1984 ni ya kundi dogo na sitaki kuyabebesha mzigo yasiyoweza kuubeba, lakini yanakumbusha kwamba anayepona ni mtu, si mshono.

Kwa wazee kuna jambo ambalo familia inapaswa kulijua mapema, kwani likitokea bila kutarajiwa huvunja moyo. Mzee aliyeingia na akili zake timamu anaweza, usiku wa pili baada ya kutengenezwa nyonga, kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka, kung'oa dripu, kumwita mtu aliyefariki zamani. Wengi hudhani amerukwa na akili moja kwa moja. Mara nyingi ni hali ya kupita, inayochochewa na maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, dawa fulani, kukosa usingizi, au kukosa tu miwani na kifaa chake cha kusikia. Huongeza siku za kulazwa, na dawa yake kubwa ni mambo ya kawaida: sura anayoijua pembeni yake, mwanga wa mchana, giza la usiku, miwani yake usoni, kuinuliwa na kutembezwa. Hapo ndugu anayekaa naye anafanya kazi ya tiba kwelikweli.

Tuache mwili, tuje kwenye siku za kusubiri. Nyingine huanza kabla ya kisu: mgonjwa amelazwa Jumatatu, damu ya akiba haijapatikana, dharura mbili zimeingia usiku, upasuaji unasogezwa hadi Alhamisi. Siku tatu zimeshahesabiwa na hakuna kilichofanyika. Nyingine huja baadaye. Aliyepasuliwa Ijumaa anaweza kukuta Jumamosi na Jumapili hakuna mtaalamu wa mazoezi wa kumwinua, wala daktari mwenye mamlaka ya kuandika ruhusa. Mwingine anasubiri majibu ya nyama iliyopelekwa maabara, ambayo angeweza kuyafuata kliniki. Mwingine anasubiri usafiri. Mwingine anaishi peke yake ghorofani na hakuna aliyefikiria atapandaje. Na katika nchi kadhaa kuna wanaobaki kwa sababu bili haijalipwa. Huyo si mgonjwa tena kwa maana ya tiba, ila kitanda chake bado kinahesabiwa, na maambukizi ya wodini hayaulizi kama umeshapona.

Kwa sababu mafungu haya huchanganywa, takwimu za hospitali hupotosha kwa urahisi. Chukua wagonjwa 10. Tisa wamekaa siku 3 kila mmoja, mmoja alipata matatizo akakaa siku 43. Jumla ni siku 70, wastani siku 7. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao aliyekaa siku 7. Ukiwapanga kwa mstari na kumtazama aliye katikati, unapata siku 3, na hiyo ndiyo picha ya wengi. Yule mmoja anahitaji kusimuliwa peke yake. Hospitali inayopokea wagonjwa mahututi kutoka kwingine itaonekana inachelewesha watu. Na anayefariki siku ya kwanza huhesabiwa kuwa amekaa siku moja, hivyo idadi ndogo ya siku si lazima iwe sifa.

Pesa nazo husukuma. Mwaka 1983 Marekani ilibadilisha malipo ya Medicare, bima ya wazee: badala ya kulipia gharama zote zilizotumika, ikaanza kulipa kiasi maalumu kulingana na aina ya ugonjwa. Siku za kulazwa zikapungua haraka. Baadhi zilikuwa hazina kazi kweli. Nyingine hazikutoweka, zilihamia kwenye nyumba za uangalizi na mabegani mwa familia. Na akiba yenyewe ni ndogo kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu gharama kubwa ya upasuaji iko siku ya kwanza. Siku ya mwisho, mgonjwa anapokula na kutembea, ndiyo rahisi kuliko zote.

Ndiyo maana mimi siwapongezi wanaoshindana kutoa wagonjwa mapema kabla sijauliza wangapi walirudi. Utumbo ulioungwa ukivuja, mara nyingi dalili hujitokeza kuanzia siku ya 5 hivi: homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Aliyeruhusiwa siku ya 3 atakuwa nyumbani wakati huo. Akiwa dakika 20 kutoka hospitali, ana namba ya wodi na anajua dalili za kuogopa, yuko salama pengine kuliko aliyelala wodini. Akiwa safari ya saa sita, hana namba na hakuelezwa kitu, kumweka siku mbili zaidi si uzembe wa daktari. Kwa hiyo raundi ikifika kitandani, pamoja na kuuliza ataruhusiwa lini, uliza pia: leo yuko hapa kwa sababu gani, tukifika nyumbani tuangalie nini, na usiku wa manane tumpigie nani.